Je, Wajua? Saa Moja ya Somo ni Namba Milioni 57.6

Kinasa sauti cha kidijitali hakihifadhi sauti ya mwalimu. Kinahifadhi namba! Kikitegwa kupima sauti mara 16,000 kwa sekunde, somo la saa moja huwa namba milioni 57.6. Zikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, hubaki megabaiti 29 tu.

Adui mkubwa wa kinasa sauti huku Siongiroi, Bomet, ni mvua juu ya mabati. Sikio la mwanafunzi humfuata mwalimu na kuusukuma kando mshindo ule. Maikrofoni haichagui, hunasa vyote. Dawa ni kusogea: ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwalimu hukifikia ikiwa na nguvu mara nne. Kiweke dawati la mbele, juu ya leso iliyokunjwa, kisinase mikwaruzo ya mbao. Na umwombe mwalimu ruhusa kwanza.

Sauti za nchi hii ya Wakipsigis zilianza kunaswa zamani. Mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, akarekodi wasichana wakiimba “Chemirocha”. Ndivyo walivyolitamka jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani waliyemsikia kwenye santuri. Sauti zao zingali zinasikika.