Ngao ya kumetameta katika pamba ya Busia

Mtama unapoanza kukomaa kule Teso na Samia, kuna mdudu asiyejificha. Mgongo wake ni wa kijani kinachogeuka samawati ukimtazama juani, una madoa meusi, na tumbo lake ni jekundu. Wengi humdhania mbawakawa. Siye. Mbawakawa ana mstari katikati ya mgongo, pale mbawa ngumu mbili zinapokutana, huyu hana. Mgongo wake ni ngao moja nzima iliyoanzia kifuani ikafunika mbawa na tumbo lote. Ni wa ukoo wa kunguni, na wataalamu humwita Calidea.

Uzuri wake usimpumbaze mkulima wa pamba. Mdomo wake ni kama sindano: huuchomeka kwenye tunda bichi hadi kwenye mbegu, akatema mate, akafyonza mafuta. Tunda changa hudondoka. Lililokomaa kidogo hubaki mtini, ila kupitia kitundu kile huingia kuvu inayotia nyuzi madoa ya manjano, na pamba yenye madoa bei yake hushuka. Kangambili, anayefahamika zaidi, huharibu vivyo hivyo.

Desemba 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha nchini Kenya kilimo cha pamba ya Bt, inayojitengenezea sumu dhidi ya wadudu. Busia, yenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Mulwanda, ina haki ya kufurahi. Lakini sumu iliyo ndani ya mmea huo huua viwavi wanaotafuna vitumba. Mdudu wa kufyonza haimgusi. China wameshayaona haya: dawa za kunyunyiza zilipopungua kwa sababu ya Bt, kunguni wa jamii nyingine waliongezeka mashambani. Anayemwambia mkulima kwamba mbegu mpya imemaliza habari ya wadudu anampotosha.

Tena mdudu huyu haishi kwa pamba pekee. Hula mbegu za mtama, alizeti na mbarika, na zikiisha huruka kutafuta kwingine. Mto Malaba ulio mpakani hautamzuia asivuke kutoka Tororo, Uganda.

Kwa hiyo kagueni mashamba hata kama mbegu ni mpya. Shamba likiwa dogo, waokoteni kwa mkono na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Mkishavuna, ng'oeni mabua ya pamba yote. Na maafisa wa kilimo wa kaunti, mnapofundisha kuhusu viwavi, mtajeni na huyu.