Mashine ya bure nayo ina bei yake



Mimi nasimamia karakana iliyo ndani ya maktaba ya umma huku Marekani. Ndiyo, maktaba! Moja ya maktaba za mwanzo kufanya hivi ni ya Fayetteville, jimbo la New York, mwaka 2011. Siku hizi ni kawaida kukuta cherehani, printa ya 3D na mashine ya kukatia mbao kwa leza jirani na rafu za vitabu. Kwetu unafundishwa kwanza, unapangiwa zamu ya saa mbili, unalipia malighafi tu.

Wauzaji wa mtandaoni wanapapenda sana. Na hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Desemba iliyopita dada mmoja alitengeneza sampuli ya hereni za mbao, akaposti picha, akapata oda 60. Alipokuja kuzikata, zamu za leza zimejaa hadi baada ya Krismasi. Kumwachia mashine siku nzima siwezi, ni ya umma. Na hela za wateja ameshazitumia! Ikabidi amlipe fundi wa nje.

Tukakaa tukapiga hesabu ya jozi moja:

👉 Mbao, ndoano na kifungashio: $2
👉 Dakika 20 za msasa, kuunganisha na kufunga, kwa $15 kwa saa: $5
👉 Fundi wa leza: $2

Jumla $9. Yeye alikuwa anauza $6! Hata kwa leza ya bure, ilikuwa $7. Kumbe kila jozi ilikuwa inamla muda wake, ila hakuwahi kuuhesabu.

Kwa hiyo:

1. Mashine ya kuazima ni ya sampuli. Tengeneza chache, uone kama zinauzika, ndipo ufikirie kununua yako.

2. Pima muda wako kwa simu, kuanzia kuandaa hadi kufunga mzigo.

3. Weka bei kana kwamba unailipia mashine. Siku ukikosa zamu, hela ya fundi imo ndani ya bei.

4. Uliza kabla ya kununua malighafi. Kaka mmoja alileta ngozi bandia ya PVC, nikaikataa. Ikikatwa kwa leza inatoa moshi wa sumu, na mashine inaingia kutu.

5. Usimwahidi mteja tarehe kabla hujashika zamu mkononi.

Hata kama uko Mwanza au Mombasa na unaazima cherehani ya shangazi, hesabu ni hiyohiyo. Siku shangazi akiihitaji cherehani yake, oda zako unazipeleka wapi?

Yule dada sasa anauza $12. Oda zimepungua, lakini kila inayoingia inamwachia kitu.

Mtumie mwenzako ambaye bado anauza bila kuhesabu muda wake. 🙏