Siri Ilikuwa Kwenye Kopo la Dawa

Jamani, kuna wakati niliamini kabisa kwamba mchumba wangu ana mwanamke Dodoma. Kila baada ya miezi miwili ananiaga, "Nakwenda mara moja kikazi." Anaondoka na basi la alfajiri, kesho yake jioni karudi, begi dogo, maneno machache. Itigi yetu hii ni mji wa stesheni, nani kaondoka na nani karudi watu wanajua. Shosti zangu walishanihesabia safari: "Mwalimu, huyo bwana mnagawana!"

Ikafika Oktoba 2012. Yuko kwangu, tunakula ugali na mlenda, taarifa ya habari inaendelea. Mtangazaji akasema TFDA imegundua dawa bandia za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mwenzangu akanawa mkono kabla hajashiba, akatoka nje. Nikamfuata. Nikamkuta kasimama gizani.

"Kuna jambo nilitakiwa nikwambie zamani," akasema.

Kumbe Dodoma hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na kliniki. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar tunayo hapa hapa Itigi, lakini yeye aliogopa kuonwa kwenye foleni. Alikuwa anatumia ARV kwa miaka miwili, na ndoa yetu ilikuwa Desemba.

Sitakudanganya mpenzi msomaji, nililia. Halafu nikamwambia, "Lete hilo kopo tulisome namba." Akalileta. Lilikuwa jeupe, tupu. Karatasi alishaibandua na kuitupa, ili mtu akiliona asijue ni la nini. Usiku ule sote wawili tulikaa tunaangalia kopo lisilosema kitu.

Kilichotokea Tarime

Dawa zile ziligunduliwa na wakaguzi katika hospitali ya wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Makopo yaliandikwa TT-VIR 30, namba ya toleo 0C.01.85, lakini vidonge vya ndani havikuwa vile vilivyoandikwa nje. Waziri wa Afya wa wakati huo, Dk. Hussein Mwinyi, alitangaza kusimamishwa kazi kwa vigogo wa Bohari ya Dawa (MSD) kupisha uchunguzi. Kiwanda cha TPI cha Arusha, ambacho jina lake lilikuwa kwenye makopo, kikazuiwa kuzalisha. Mwaka 2014 watu kadhaa walipandishwa kizimbani Kisutu, Dar es Salaam.

Mashtaka si hukumu, na mimi si hakimu. Ninachojua ni kwamba mtu anayetumia ARV akikosa dawa sahihi, virusi vinapata nafasi ya kuzaliana, na vinaweza kuizoea dawa mpaka isifanye kazi tena. Mgonjwa anameza kwa wakati, anafuata masharti yote, kumbe anameza bure. Na hakuna anayeweza kumwambia "dawa yako imo au haimo" kama namba ya toleo haipo.

Miguu inayowaka moto

Mwenzangu alitaka kuacha kumeza usiku ule ule. Nikamwambia hapana, tunakwenda wote. Jumatatu tukapanda basi.

Muuguzi alifungua daftari, akavikagua vidonge. Havikuwa vya toleo lile. Nikashusha pumzi. Ndipo daktari akamtazama usoni, akauliza, "Miguu vipi?" Akakiri kwamba nyayo zinawaka moto miezi kadhaa sasa. Na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani. Mimi nilidhani ni mawazo ya harusi!

Hapo ndo nikajifunza la pili: hata dawa halisi inaweza kukuumiza. Kati ya vidonge vyake kulikuwa na stavudini. Shirika la Afya Duniani lilishashauri mwaka 2009 nchi ziiondoe taratibu, kwa sababu inaharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kumaliza mafuta ya usoni. Daktari akambadilishia dawa, na taarifa ikajazwa kwenye fomu ya njano, ile ya madhara ya dawa.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. Akajibu, "Niliogopa wataninyang'anya dawa."

Nani awajibike?

Kiwanda kwanza, hilo halina mjadala. Halafu bohari, mkaguzi, muuza duka. Ila mfumo wote unaanza na mtu kusema. Mwaka 1961 daktari wa Australia, William McBride, aliandika barua fupi katika jarida la The Lancet akieleza kwamba wajawazito waliotumia thalidomaidi, dawa ya kutuliza kichefuchefu, walikuwa wanajifungua watoto wenye viungo pungufu. Dawa ilishamezwa nchi nyingi, lakini madaktari wachache waliosema waliokoa watoto ambao hawajazaliwa.

Mwaka 2019 TFDA iligeuka kuwa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Wakaguzi wanazunguka, lakini hawalali chumbani kwako.

Mkiwa wawili, fanyeni haya

• Msibandue karatasi ya kopo. Someni jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda.
• Nunueni duka lenye kibali, na daini risiti. Dawa ya mkononi stendi, achana nayo.
• Kidonge kikibadilika rangi au umbo, ulizeni kabla ya kumeza.
• Mwili ukilalamika, semeni kituoni, taarifa ijazwe. Msiache dawa kimya kimya.
• Mjamzito asimeze kitu kwa ushauri wa jirani.

Na sisi je? Nilipima, nikawa salama. Nikarudia baada ya miezi mitatu, salama. Harusi ikasogea hadi mwaka uliofuata. Leo tuna watoto wawili. Yeye anatumia dawa mpya, na vipimo havioni virusi kwenye damu yake, maana yake hawezi kuniambukiza kwa tendo la ndoa. Nyayo bado zinamsumbua kidogo usiku wa baridi.

Kopo lake siku hizi linakaa mezani, karibu na chumvi, na karatasi yake. Kila likija jipya ananipa mimi nisome namba kwanza. Wewe mwenzio anameza nini? Umewahi kumuuliza?