Shingo ya Gita Kuukuu: Tafuta Kasoro Kabla ya Kushika Tupa

Huenda kijijini kwenu liko gita kavu kuukuu. Wengine huliita galatoni. Limetundikwa ukutani kwa sababu limekuwa gumu kulipiga. Nyuzi ziko juu mno na vidole vinauma. Au uzi mmoja unakwaruza badala ya kulia vizuri. Usilitupe. Lakini usikimbilie tupa pia. Chuma kikishalika hakirudi. Kwanza tafuta kasoro iko wapi.

SEHEMU ZA GITA

Gita lina kichwa, shingo na tumbo. Shingoni kuna vyuma vyembamba vilivyolala kama vipago vya ngazi. Vyuma hivyo ni freti. Tunavihesabu kuanzia kichwani. Nyuzi hupita juu ya mfupa mdogo karibu na kichwa. Huu tutauita mfupa wa juu. Tumboni hupita juu ya mfupa mwingine. Huu ni mfupa wa chini. Umekaa kwenye ubao mdogo uliogundishwa tumboni, uitwao daraja.

KWA NINI SHINGO HUPINDA?

Nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi. Huo ni uzito wa mtu mzima. Nguvu hiyo huvuta shingo mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Nyuzi za nailoni huvuta kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo usifunge nyuzi za chuma kwenye gita lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Shingo itapinda, na daraja linaweza kung'oka.

PIMA SHINGO

Kaza nyuzi mpaka sauti zake za kawaida. Sasa chukua uzi mnene. Ubane kwenye freti ya kwanza. Kwa mkono mwingine ubane pale shingo inapokutana na tumbo. Uzi huo sasa umenyooka kama rula. Mwambie mwenzako atazame katikati, karibu na freti ya saba.

Pakiwa na nafasi ndogo, ya unene wa karatasi mbili au tatu za daftari, shingo ni nzima. Nafasi ikiwa kubwa kuliko hiyo, shingo imepinda kwenda mbele. Kama hakuna nafasi kabisa, huenda shingo imepinda kwenda nyuma.

KUNYOOSHA SHINGO

Magita mengine yana fimbo ya chuma ndani ya shingo. Kampuni ya Gibson ya Marekani ilipata hataza ya fimbo ya kurekebishwa mwaka 1923. Kampuni ya Martin ilianza kuitumia mwaka 1985 tu. Kwa hiyo gita la zamani huenda halina fimbo hiyo. Tazama kichwani chini ya kifuniko kidogo, au ndani ya tundu la tumbo. Ukiona nati, fimbo ipo. Usipoiona, usitoboe shingo kuitafuta.

Kama shingo imepinda mbele, legeza nyuzi kwanza. Itazame nati usoni, kisha izungushe kama mshale wa saa unavyokwenda. Zungusha robo ya mzunguko tu. Kaza nyuzi tena, upime upya. Kama shingo imepinda nyuma, zungusha kinyume. Nati ikiwa ngumu, acha. Fimbo ikikatika ndani, kazi ya kuitoa ni kubwa na ya gharama.

Kama gita halina fimbo, jaribu nyuzi nyembamba zaidi. Hizo huvuta kidogo. Kama shingo bado imepinda sana, mpelekee fundi wa magita.

UZI UNAPOKWARUZA

Je, uzi unakwaruza ukiachwa wazi tu, na ukiubana popote unalia vizuri? Basi mfuo wa uzi huo kwenye mfupa wa juu umelika. Badili mfupa huo.

Je, unakwaruza ukiubana mahali pamoja? Tazama freti iliyo mbele ya kidole, upande wa tumbo. Tuseme umebana freti ya tano. Mara nyingi mkosaji ni ya sita. Chukua kipande kifupi cha chuma kilichonyooka. Kilaze juu ya freti tatu: ya tano, ya sita na ya saba. Kikichezacheza, freti ya katikati imeinuka.

Sasa ibonyeze freti hiyo kwa ukucha. Ikitikisika, imelegea. Tia tone la gundi chini yake. Weka kibao juu yake, ukigonge polepole kwa nyundo, kisha ukibane mpaka gundi ikauke. Kama haitikisiki lakini bado iko juu, hapo ndipo tupa inapohitajika. Funika ubao wa pande zote mbili kwa utepe wa karatasi. Piga tupa kidogo, pima, kisha rudia. Mwishowe irudishie mviringo wake wa juu, uisugue kwa msasa laini.

Freti zenye mabonde makubwa chini ya nyuzi zimechakaa. Hizo hubadilishwa na fundi.

SHINGO INAPOACHANA NA TUMBO

Huenda shingo imenyooka, lakini nyuzi bado ziko juu. Pima kwenye freti ya 12. Kwa nyuzi za chuma, nafasi ya milimita 2 hadi 3 inafaa. Ikifika 4 au 5, tazama shina la shingo. Jaribu kuingiza karatasi kati ya shingo na tumbo. Ikiingia, kiungo kimeachia. Tazama pia kama daraja limeinuka au tumbo limevimba.

Usipigilie msumari wala skrubu. Msumari hupasua ubao, na kazi ya fundi huwa ngumu maradufu. Legeza nyuzi, ulipeleke gita kwa fundi.

KINGA

Usiliweke gita juani, karibu na jiko, au juu darini chini ya bati. Joto hulainisha gundi na kukausha ubao. Ukilihifadhi kwa muda mrefu bila kulipiga, legeza nyuzi kidogo.

MASWALI

1. Kwa nini tunapima shingo kabla ya kupiga tupa?
2. Uzi unakwaruza kwenye freti ya tano. Utatazama freti ipi kwanza?
3. Chukueni gita lililopo kijijini, mlipime pamoja darasani. Andikeni kasoro mlizoziona.