Bunduki ya Kuwindia Haikai Rafuni

Mkulima wa Kisarawe au Mkuranga aliyechoshwa na nguruwe pori huteremka Kariakoo na orodha yake kichwani. Tochi ya kichwani ataipata, na betri zake. Panga, waya, kamba, viatu vya mpira na turubai la kuezekea dungu atavimaliza kabla ya adhuhuri, na akijua kuomba apunguziwe atabaki na nauli na pesa ya chai. Siku za kuelekea Idi atakuta hata bunduki, za plastiki, zinazorusha maji, zimetandazwa chini kando ya nguo za watoto. Ile anayoihitaji hasa, ya kumzuia nguruwe asimalize mihogo, haiulizwi kwa machinga. Akiitaja kwa sauti, muuzaji atamtazama mara mbili na kumwambia, "Mzee wangu, hiyo nenda polisi."

Marekani wangeshangaa. Kule, katika matawi mengi ya Walmart, duka linalouza maziwa na matairi chini ya paa moja, bunduki za kuwindia hukaa kwenye kabati la kioo, karibu na ndoana na mahema. Duka lenyewe limekuwa likijibana kidogo kidogo. Mwaka 1993 liliacha kuuza bastola karibu kote nchini humo, mwaka 2018 likapandisha umri wa mnunuzi hadi miaka 21, na mwaka 2019, baada ya mauaji ndani ya tawi lake la El Paso, Texas, likaachana na risasi za bastola. Bunduki ya mwindaji imebaki kabatini.

Kinachonichekesha ni kwamba Walmart alishafika Dar es Salaam kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2011 alinunua zaidi ya nusu ya Massmart ya Afrika Kusini, wenye maduka ya Game, na Game tulikuwa nalo Mlimani City hadi lilipofungwa mwaka 2022. Watu walinunua friji, televisheni na majiko ya kuchomea nyama. Kabati la bunduki halikuvuka bahari.

Asije mtu akadhani kwamba pwani hii haijapata kuona biashara huria ya silaha. Miaka ya 1880 bunduki za gumegume na za fataki zilishuka Zanzibar kama yalivyoshuka marobota ya kaniki, zikaingia bara na misafara, na nyingi zikaishia mikononi mwa wawinda tembo. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza kisiwani humo alikadiria kuwa zinazopita kwa mwaka ni kati ya 80,000 na 100,000. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaanza kulifunga bomba hilo, na baada ya Vita vya Maji Maji Wajerumani wakapita wakizikusanya zilizobaki. Kwa hiyo ukali huu wa leo una historia ya kikoloni ndani yake, tukubali tusikubali.

Ila kulikuwa na ukali mwingine, wa wenyewe. Wazaramo, wenyeji wa ardhi ambayo juu yake jiji hili limejengwa, kwa jadi hufuata ukoo wa mama, na wazee wao husimulia kwamba gobore lilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Halikutolewa kwa sababu kijana ana hela. Kwanza alibeba mfuko wa baruti na marisau, akajifunza kusoma nyayo na kunyamaza. Mlevi, mgomvi au mwenye papara alibeba mfuko mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwindaji alikaa mbali na mkewe kabla ya kutoka, na mke aliyebaki nyumbani naye alikuwa na miiko yake, kwani ilisadikiwa kuwa akitoka nje ya ndoa mnyama atamgeukia mumewe. (Miiko ya namna hii ina tabia ya kumlemea mke kuliko mume, lakini hilo ni shauri jingine.)

Uislamu ukaongeza taratibu zake. Bismillahi ilitamkwa kabla ya kufyatua, kisha zikaanza mbio, kisu mkononi, kumuwahi mnyama angali hai achinjwe, maana aliyeuawa na marisau tu wengi hawakumla. Nyama ilipogawanywa, mwenye gobore alikuwa na fungu lake hata kama siku hiyo hakutoka. Nguruwe hakugawanywa. Aliuawa kwa kosa la mihogo na kuachwa hapohapo, isipokuwa alipotokea mnunuzi kutoka mjini, na hapo hakuna aliyeuliza nyama inakwenda kupikwa wapi.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inauliza, kwa karatasi, karibu yaleyale aliyouliza mjomba. Mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe amefundishwa kuitumia, na ajulikane anakoishi: barua huanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, ikapanda hadi polisi na kamati za ulinzi na usalama. Maduka ya silaha yapo, machache na yenye leseni, lakini dukani unafika mwisho, siyo mwanzo. Mwaka 2016, wamiliki walipotakiwa kuhakiki silaha zao, hata Rais John Magufuli alihakikiwa za kwake pale Ikulu, Mtaa wa Magogoni.

Mimi napenda usumbufu huo kuliko kabati la kioo. Lakini nguruwe hasubiri kikao cha kamati. Anayelala dunguni akipiga debe usiku kucha ana haki ya kuuliza kwa nini barua yake inakwenda polepole kuliko mavuno, na ndiyo maana magobore yasiyo na kibali bado yamo kwenye mapaa ya makuti. Serikali hutoa msamaha, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2022, wenye nayo wayasalimishe bila kushtakiwa. Wapo wanaoyapeleka. Wapo wanaosita, na si wote ni majangili: gobore la mjomba ni mali ya ukoo, hawezi kulitoa mtu mmoja mpaka wapwa wakutane, na wapwa siku hizi hukutana msibani tu.