Joto, Radi na Mvua za Vuli Karagwe na Kyerwa

Watahiniwa wengi huandika kwamba Karagwe na Kyerwa hupata mvua kwa sababu ya milima. Jibu hilo halitoshi. Mwishoni mwa Septemba jua huwa la utosi karibu na Ikweta, na wilaya hizi zipo kusini kidogo tu mwa mstari huo. Ardhi hupata joto kali. Hewa yenye unyevu, ambao sehemu yake hutoka Ziwa Victoria, hupanda, hupoa na kufanya mawingu marefu meusi. Ndiyo maana asubuhi jua huwaka, alasiri ngurumo. Eleza hatua hizo kwa mpangilio. Alama zipo hapo.

TMA ikitabiri vuli “chini ya wastani”, haisemi mvua haitanyesha. Inazungumzia jumla ya msimu, na dhoruba ya jioni moja bado yaweza kulaza migomba.

Swali: umeona mwanga wa radi, ngurumo ikafuata baada ya sekunde 6. Radi ipo umbali gani? Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo 340 × 6 = mita 2,040. Hapo bado ni hatari. Ingia ndani ya jengo. Mti si kinga.