Ruzuku yafika shuleni, hesabu haifiki kwa mzazi

WAKAZI wa Buguruni, jijini Dar es Salaam, ni watu wa hesabu. Sokoni bei ya tenga la nyanya hujulikana kabla jua halijachomoza, na katika vikundi vya kuweka na kukopa, maarufu kama vikoba, fedha huhesabiwa mbele ya wanachama wote kabla sanduku halijafungwa. Mwanachama aliyechelewa kikao ana haki ya kuuliza kilichomo, na hujibiwa papo hapo.

Lipo hata hivyo sanduku jingine ambalo ni mali ya wakazi hao hao, na ambalo hesabu yake ni nadra kusomwa hadharani. Hilo ni akaunti ya shule ya umma anakosoma mtoto wao. Je, Serikali hupeleka shilingi ngapi kwa mwaka kwa ajili ya mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi, na fedha hizo hutumikaje?

Jibu la sehemu ya kwanza ya swali hilo limo katika nyaraka za Serikali, nalo ni fupi. Kiwango kilichowekwa ni Sh10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Sehemu ya pili ndiyo inayohitaji maelezo marefu.

Sh500 kwa mwezi

Fedha hizo huitwa ruzuku ya uendeshaji wa shule. Walimu wengi huziita kwa mkato kapitesheni, yaani fedha zinazotolewa kwa kuhesabu vichwa. Shule yenye wanafunzi wengi hupata nyingi, na yenye wachache hupata kidogo.

Tangu ulipoanza mpango wa elimu bila malipo mwaka 2016, Sh10,000 hiyo hugawanywa mara mbili. Sh4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu, na Sh6,000 hupelekwa katika akaunti ya shule. Kwa shule za sekondari kiwango ni Sh25,000, ambacho nusu yake, Sh12,500, huenda shuleni na nusu nyingine hubakizwa kwa vitabu. Sekondari hupata pia fidia ya ada iliyofutwa, Sh20,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh70,000 kwa wa bweni.

Mzazi anaweza kufanya hesabu hiyo kwa penseli. Shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 inastahili Sh6 milioni kwa mwaka. Zikigawanywa kwa miezi 12, ni Sh500,000 kwa mwezi, yaani Sh500 kwa kila mtoto. Kiasi hicho hakifiki nauli ya chini ya mtu mzima katika daladala, iliyopandishwa hadi Sh600 Desemba 2023. Humo mwalimu mkuu anatakiwa kupata chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya michezo, matengenezo madogo na gharama za ofisi. Mishahara ya walimu haimo, kwani hulipwa na Serikali kwa njia nyingine.

Hesabu hiyo ina faida mbili. Humwezesha mzazi kujua kama fedha zilizofika ni pungufu, na humlinda mwalimu mkuu mwaminifu. Pasipo takwimu, tetesi hushika nafasi yake. Mzazi anayesikia kwamba Serikali “imemwaga mabilioni” katika elimu hushangaa kuona dirisha la darasa halina kioo, naye huhitimisha kwamba mwalimu mkuu amekula. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Bila karatasi ubaoni, hakuna anayeweza kuthibitisha wala kukanusha.

Safari ndefu ya fedha

Kiwango cha Sh10,000 kina historia. Mwaka 2002, Serikali ilipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) baada ya kufuta ada, ruzuku ilipangwa kuwa dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi, ambazo wakati huo zilikaribia Sh10,000. Miaka ilipita, shilingi ikashuka thamani, lakini kiwango kilibaki pale pale. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, Sh10,000 ilikuwa chini ya dola tano.

Chini ya MMEM fedha zilitoka Hazina, zikapitia halmashauri, ndipo zikafika shuleni. Kila kituo kilikuwa na uwezekano wa kuzichelewesha, kuzipunguza au kuzielekeza kwingine. Ili kuziba mianya hiyo, kamati za shule zilipewa jukumu la kupanga matumizi, na shule zikatakiwa kubandika mapato na matumizi katika mbao za matangazo.

Mjadala wa wazi kuhusu fedha na ubora wa shule haukuwa mwepesi katika miaka hiyo. Mwaka 2005, Wizara ya Elimu ililizuia shirika la HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule nchini. Zuio hilo lilizua malumbano makubwa, na kuonyesha kwamba takwimu za shule zilikuwa suala la siasa kama zilivyokuwa suala la elimu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliofuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Serikali ya Awamu ya Tano ilitangaza kupeleka Sh18.77 bilioni kila mwezi, na ruzuku ikaanza kwenda moja kwa moja katika akaunti za shule bila kupita halmashauri. Mwaka wa fedha 2022/23 msamaha wa ada uliongezwa hadi kidato cha tano na cha sita.

Kupunguza vituo vya njiani kulisaidia kujua fedha zimetoka lini na zimefika lini. Hata hivyo, kuliacha wazi mlango mwingine.

Wanafunzi hewa

Pale fedha zinapotolewa kwa kichwa, anayehesabu vichwa hushika ufunguo wa hazina. Mwaka huo huo wa 2016, uhakiki wa Serikali ulibaini zaidi ya wanafunzi hewa 65,000 katika shule za msingi na sekondari nchini, majina yaliyokuwamo kwenye orodha bila watoto madarasani. Kwa kila jina la namna hiyo katika shule ya msingi, Sh6,000 zilipelekwa kwa mtoto asiyekuwapo.

Tatizo hilo halizihusu nchi maskini pekee. Nchini Marekani zipo shule za umma zinazoendeshwa na taasisi binafsi kwa mkataba, na baadhi yake hufundisha kwa intaneti tu. Nazo hulipwa kwa idadi ya wanafunzi. Katika jimbo la Ohio, shule iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilijihesabia zaidi ya wanafunzi 15,000. Wakaguzi wa jimbo walipotaka ushahidi kwamba watoto hao walisoma kweli, shule haikuweza kuuthibitisha kwa zaidi ya nusu yao. Iliamriwa kurejesha takriban dola milioni 80, na Januari 2018 ilifungwa katikati ya mwaka wa masomo, wazazi wa maelfu ya watoto wakabaki kutafuta shule nyingine.

Shule ile haikuwa na ukuta ambao mzazi angeweza kuupitia akahesabu madawati. Shule ya Buguruni inao. Mzazi, mjumbe wa kamati na mwenyekiti wa mtaa wanaweza kuona watoto ni wangapi. Wakijua pia idadi ambayo shule imelipwa, kulinganisha ni kazi ya dakika chache.

Funzo la Uganda

Mfano unaotajwa zaidi duniani kuhusu jambo hili unatoka kwa majirani. Katikati ya miaka ya 1990, uchunguzi uliofanyika katika shule 250 za msingi nchini Uganda ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotolewa na Serikali Kuu kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Nyingine zote ziliishia njiani, hasa katika ngazi ya wilaya.

Serikali ya Uganda ilianza kuchapisha magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike ubaoni zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, shule zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Watafiti wengine wamesema si magazeti peke yake yaliyoleta tofauti hiyo, kwani wakati huo Uganda ilikuwa imeanza pia elimu ya msingi kwa wote na kubadili taratibu za kupeleka fedha. Hoja hiyo ina uzito. Inabaki kweli, hata hivyo, kwamba mzazi na mwalimu wasingeweza kudai kiasi wasichokijua.

Kenya nayo ilipoanza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003 iliweka Sh1,020 za Kenya kwa kila mwanafunzi, na kuzigawa katika akaunti mbili, moja ya vifaa vya kufundishia na nyingine ya uendeshaji. Utaratibu huo mzuri haukuzuia kashfa iliyoibuka mwaka 2009, ambapo ukaguzi ulibaini ubadhirifu ndani ya mpango wa elimu, na wafadhili, Uingereza ikiwamo, wakasitisha misaada. Safari hii fedha hazikuibwa ubaoni pa shule, bali juu zaidi, ambako mzazi hana ubao wa kusoma.

Kompyuta inaona, ubao hauonyeshi

Tanzania imepiga hatua katika kuandika hesabu. Mwaka 2017 ulizinduliwa mfumo wa kielektroniki wa uhasibu na utoaji taarifa za fedha kwa vituo vya kutolea huduma, unaojulikana kwa kifupi chake, FFARS, ambao shule, zahanati na vituo vya afya huutumia kuingiza mapato na matumizi. Ofisa aliye halmashauri au TAMISEMI anaweza kufuatilia hesabu za shule bila kufunga safari.

Tofauti ya msingi ni nani anayeona. Mfumo huo unamhudumia mkubwa wa mwalimu mkuu. Mzazi hana nywila ya kuingilia. Kwake yeye, uwazi bado ni karatasi iliyobandikwa mahali anapopita, yenye tarehe, idadi ya wanafunzi, kiasi kilichopokelewa, kilichotumika na kilichobaki.

Kwamba takwimu moja inaweza kuwageuza wananchi kuwa wakaguzi kulionekana mwaka 2021, wakati Serikali ilipotumia sehemu ya mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000. Bei ilitangazwa waziwazi: Sh20 milioni kwa darasa. Kila mtaa ulijua. Palipochelewa bati au palipopasuka sakafu, watu walikuwa na kipimo cha kuulizia. Ruzuku ya kila mwezi, ambayo kwa miaka huipita bei ya darasa hilo, haijawahi kutangazwa kwa namna inayokumbukika kama hiyo.

Fedha peke yake hazitoshi

Ni vyema kutotia chumvi. Uwazi huhakikisha fedha zimefika, lakini hauhakikishi kwamba mtoto amejifunza. Katika jaribio la KiuFunza lililosimamiwa na shirika la Twaweza mwaka 2013 na 2014, likihusisha shule 350 katika wilaya 10 nchini, baadhi ya shule zilipelekewa ruzuku kamili ya Sh10,000 kwa mwanafunzi. Ruzuku peke yake haikupandisha matokeo ya wanafunzi katika majaribio. Pale ilipounganishwa na bakshishi kwa walimu kulingana na ufaulu wa watoto, matokeo yalipanda.

Maana yake ni kwamba swali la mzazi lisiishie kwenye “zimefika?” Linapaswa kuendelea: zimenunua nini, na mtoto amepata nini?

Mzazi aanzie wapi

Mahali pa kwanza ni mkutano wa wazazi na kamati ya shule, ambayo wajumbe wake ni pamoja na wazazi na ambayo mwalimu mkuu ni katibu wake. Kuomba taarifa ya mapato na matumizi isomwe si utovu wa adabu. Ni kazi ambayo kamati iliundwa kuifanya.

Mahali pa pili ni ofisi ya mkurugenzi, ambaye kwa Buguruni ni wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, jina lililochukuliwa na iliyokuwa Manispaa ya Ilala mwaka 2021. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na inaitaka taasisi hiyo kujibu ndani ya siku 30. Ripoti za kila mwaka za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali nazo huwekwa hadharani, ingawa huzungumzia halmashauri zaidi kuliko shule moja moja.

Jambo hili linagusa mfuko wa mzazi moja kwa moja. Januari 2018, Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari akaelekezwa apeleke kwa mkurugenzi, si kwa mwalimu. Hata hivyo mahitaji hayakufutika kwa agizo: mlinzi anataka posho, bomba linahitaji fundi, na karatasi za mtihani lazima zichapwe. Mzazi akiombwa kuchangia, njia pekee ya kujua kama ombi ni la haki ni kuona kwanza Sh6,000 za mwanae zilikwenda wapi. Akiona zimekwisha kwa matumizi ya halali, huenda akatoa kwa moyo mweupe, tena akaungana na mwalimu kudai kiwango hicho kiongezwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika shule za umma daftari lipo, tena siku hizi limo ndani ya kompyuta. Lililobaki ni kulifungua mbele ya wenye mali, kama wanavyofanya kila wiki wanachama wa kikoba.